Chombo Kinachotua Kesho

Binti yangu ana miaka saba, na akipata simu yangu analala kifudifudi kwenye mkeka, pua karibu iguse kioo. Jumamosi ile nilikuwa natwanga sombe, majani ya muhogo. Nikapita nyuma yake kufuata chumvi, nikaona mawe meusi, majua mawili angani, na mwanamke mwenye koti la kijivu lililokosa kifungo cha tatu. Nikasimama na chumvi mkononi. Sauti ya filamu ile sikuwa naijua hata kidogo, lakini lile koti nililijua kuliko nguo za mama yangu.

"Hii umetoa wapi?"

"Kwa yule kaka wa kibanda, anajazaka watu filme kwenye simu. Alinipa ya bure. Anasema imezeeka."

Sombe ililala kwenye kinu. Niliketi kando ya binti yangu nikaangalia yote, kuanzia mwanzo mpaka mwisho, na jua la Goma lilikuwa halijazama nilipomaliza. Nilijisikia kama mtu aliyekunywa maziwa yaliyoharibika akagundua kikombe kikiwa tupu. Ngoja nikueleze kwa nini.

Nilikulia Mabanga, juu ya mawe ya volkano. Wewe uliyekulia huku unajua: tulijenga nyumba za mbao juu ya mawe yaliyounguza nyumba za kwanza, tukaendelea na maisha. Nilikaa na Koko, mama ya mama yangu. Mama yangu alikuwa anafanya biashara ya maharagi. Anapanda gari Jumatatu kwenda soko la Kiwanja, njia ya Rutshuru, anarudi Jumamosi juu ya magunia, nywele zimejaa vumbi, na ndizi moja iliyopondeka ndani ya kitambaa chake kwa ajili yangu. Mpaka leo nikinusa ndizi iliyoiva kupita kiasi naona Jumamosi. Halafu vita ikakata barabara ya Rutshuru, na Jumamosi moja magari hayakuja. Yalipoanza kuja tena, mama hakuwemo.

Karibu na kwetu kulikuwa na jirani mwenye televizyo. Alikuwa amejenga chumba cha mbao na manjanja, mabati yenyewe ya zamani yenye matundu, kwa hiyo wakati wa jua tulikuwa na madoa ya mwanga kichwani kama chui. Tulimwita Papa Mufasiri. Alikuwa anaonyesha filamu na kuzifasiri palepale kwa mikro. Sauti ya filamu yenyewe alikuwa anaishusha mpaka inakufa kabisa. Alisema kelele za wazungu zinaharibu spika. Basi tulikuwa tunaona midomo inacheza na sauti ni ya kwake: sauti ya mwanaume, ya mwanamke, ya mtoto, ya mlango, ya jenereta ya chombo cha angani. Alijua kazi, siwezi kumnyima hilo.

Kiingilio cha watoto kilikuwa maji. Unakumbuka shida ya maji ya huku: robine za mabomba zinakauka wiki nzima, unashuka ziwani na bidoni, unapanda nayo kichwani, shingo imeingia kifuani. Papa Mufasiri alikuwa anataka bidoni ya lita tano kwa kila mtoto. Mke wake alikuwa na malewa yake, kibanda cha chakula, hapohapo mbele, kila saa sita watu wanakula maharagi, bugali na sambaza, samaki wadogo wa kukaanga, sahani zinahitaji kuoshwa. Sisi watoto ishirini, wakati mwingine thelathini, tulikuwa tunapanga mstari baada ya masomo na kumimina maji kwenye pipa lake la bluu. Hakuna mzazi aliyesema kitu. Walikuwa wanafurahi kujua watoto wako mahali pamoja.

Filamu ile ilikuwa ya watu waliotumwa kutoka Dunia kwenda kujenga kijiji kwenye sayari ya mbali, kisha Dunia ikapotelewa nao. Hakuna chombo kinachofika, hakuna ujumbe. Wanakaa juu ya mawe meusi, wanaangalia juu. Tuliipenda mara moja kwa sababu ilikuwa kwetu. Mtoto mmoja aliapa kwamba jiwe la nyuma ya kile kijiji liko nyuma ya choo chao. Tulibishana siku tatu kama waliipiga picha kwenye barabara ya Sake au chini ya mlima. Kwamba ni sayari nyingine, hilo halikutusumbua.

Nitakuambia ukweli, ilikuwa tamu. Joto la manjanja, harufu ya sambaza ikiingia kwenye nyufa za mbao, miguu ya watu wengine mgongoni mwako, chukudu, baiskeli za mbao za kubebea mizigo, zikipita nje na mlio wa magurudumu kwenye mawe. Na yule mtu mbele, kitambaa cha jasho shingoni, akituambia: "Munaona? Leo ujumbe umefika. Chombo kinakuja. Kinatua kesho."

Kesho yake tulikuja na maji. Chombo kilikuwa kimeharibika injini. Kesho kutwa tulikuja na maji. Kilikuwa kimepotea njia. Kipindi kimoja msichana mkubwa kidogo aliinua mkono kama darasani.

"Papa Mufasiri, mbona huyu mama iko na koti ileile kila siku? Na kifungo ileile imekosa?"

"Wewe mutoto, kwenye ile sayari kuko soko? Kuko fundi? Atatoa ingine wapi?"

Tulicheka mpaka benchi likaanguka. Msichana aliona haya. Hakuuliza tena.

Kwenye filamu kulikuwa na mtoto wa kike wa umri wangu. Kila mara alikuwa anasimama juu ya jiwe, mkono juu ya macho, anaangalia mbali. Siku moja, nikimimina maji, Papa Mufasiri aliniuliza mama yangu yuko wapi, siku hizi hamuoni. Nikamwambia alienda Kiwanja kwenye maharagi na hajarudi. Alinipapasa kichwa. Dakika chache baadaye yule mtoto akapanda juu ya jiwe lake, na mikro ikasema: "Huyu anangojea mama yake. Mama yake alienda kununua maharagi kwenye sayari ingine."

Wenzangu walicheka, kisha wakanigeukia wote. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimeshika ubao wa benchi kwa mikono miwili.

"Usilie, kadogo," mikro ikaendelea, kwa sauti ya upole. "Mama iko ndani ya ile chombo. Kesho mutaona."

Kuanzia siku hiyo sikuwa nakwenda kuangalia filamu. Nilikuwa nakwenda kumpokea mama. Lita tano zilianza kuonekana kidogo. Nilipeleka bidoni ya lita kumi, kwa sababu nilifikiri mtu akileta maji mengi zaidi chombo kitaharakishwa. Usinicheke. Papa Mufasiri aliona ile bidoni kubwa, na badala ya kuniuliza kwa nini, akasema, "Vizuri, mutoto wa baraka," akanikalisha benchi la mbele. Na kila siku kulikuwa na kitu kidogo kwa ajili yangu ndani ya filamu. Mama ameuliza habari yako. Mama amevaa kitenge cha bluu. Mama ameweka ndizi.

Habari ya ndizi nilimwambia mimi mwenyewe. Nilimwambia kila kitu.

Siku aliyosema "leo, leo kinatua, hakuna kesho," Koko alikuwa amenituma maji ya kupikia, bidoni ya lita ishirini. Maharagi yalikuwa tayari motoni na maji kidogo ya kuanzia. Nilitoka ziwani nikapita mlango wetu. Niliona mgongo wake, ameinama kwenye moto wa makala. Nikaendelea kutembea. Lita ishirini zote nilizimimina kwenye pipa la bluu, na bidoni nikaisahau hukohuko.

Kwenye filamu watu walikuwa wanakumbatiana na kulia. "Wanafurahi," mikro ikasema, "ujumbe wa mwisho umefika." Kisha wakachukua majembe. "Wanasawazisha uwanja wa kutua." Kisha skrini ikawa nyeusi. "Kesho."

Nyumbani maharagi yalikuwa yameungua mpaka sufuria imekuwa na rangi ya mawe yetu. Koko alikuwa ameketi mlangoni. Hakunipiga. Aliangalia mikono yangu, haina bidoni.

"Ile chombo yenu imetua?"

"Itatua kesho. Papa Mufasiri anasema mama iko ndani."

Alikwangua sufuria na kijiko. Halafu akasema, "Mimi sijui kama mama yako atarudi. Nilituma watu Rutshuru, nilituma watu Kalengera mpaka Kiwanja kwenyewe, hakuna mwenye alimuona. Mutu akikuambia anajua, anakudanganya. Mimi sijui. Kuja, ukule hii yenye haikuungua sana."

Sikula. Nilimchukia. Nilimchukia mwaka mzima, bibi yule aliyekuwa ananiosha, ananilisha, anauza nyanya zake barabarani ili nivae viatu vya shule. Nilimchukia kwa sababu alisema sijui. Na yule mwanaume nilimpenda kwa sababu alisema kesho.

Karibu na Noeli televizyo iliungua na hadithi ikaishia hapo. Mama hakurudi, na mpaka leo sina habari yake. Koko alikufa nikiwa kidato cha mwisho.

Sasa rudi nami kwenye mkeka. Filamu ile ina vipande vinne. Vinne. Sisi tuliiangalia tangu kiangazi hadi Noeli, karibu kila siku. Alikuwa na disiki moja, anazungusha vipande vilevile na kubadilisha maneno, na pipa linajaa. Hilo peke yake ningelicheka. Ningesema yule mzee alikuwa mjanja, watoto tulikuwa wajinga, tulipata mazoezi ya shingo.

Lakini safari hii sauti ilikuwepo, kwa Kifaransa, na Kifaransa nilikisomea. Yule mtoto juu ya jiwe hangojei mama yeyote. Analinda miche, anafukuza wadudu wakubwa wanaokula mboga. Wale wanaokumbatiana hawafurahi. Redio imetoka kuwaambia kwamba Dunia imeacha kuwatafuta, haitatuma mtu. Wanalia msiba wao. Halafu yule mtoto wa umri wangu anateremka kwenye jiwe, anachukua jembe la kwanza, anasema hakuna anayekuja, tulime. Hakuna uwanja wa kutua. Ni bustani. Filamu nzima ilikuwa inasema ukweli, kama Koko, na yule mtu aliiziba mdomo ili mke wake apate maji ya sahani.

Nilimshika binti yangu mkono nikaenda Mabanga. Sitakudanganya kwamba nilikwenda kwa amani.

Kile chumba hakipo. Panauzwa makala ya moto, magunia yamepangwa mpaka barabarani. Pipa la bluu liko, limepasuliwa katikati, kuku wanalala humo. Papa Mufasiri alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki, mzee, meno machache, redio sikioni. Alinitambua nilipomtajia bidoni ya lita kumi.

"Aah, mutoto wa baraka. Umekuwa mama."

"Muzee, ile filamu ya mawe nimeiona. Ulikuwa na disiki moja."

Alicheka, akapiga paja. "Moja, ndiyo. Na ilikuwa na mikwaruzo. Mutu mwingine angefunga mlango. Miye niliwapeleka miezi sita."

"Uliniambia mama yangu iko ndani."

"Ulikuwa unalialia. Nikakupa furaha kidogo. Ile ya maharagi ya sayari ingine, watu walicheka eh? Ile ilitoka palepale, sikuiandika."

"Nilikubebea maji ya bibi yangu."

"Watoto wote walibeba maji, mama. Njo vile ilikuwa."

Hakuwa na haya hata chembe. Alikuwa anangojea nimsifu. Niliangalia mikono yake, laini, mikono ya mtu ambaye hakupanda na bidoni, nikaona kinyaa mpaka kwenye ulimi. Nikageuka niondoke. Yeye akamuinamia binti yangu.

"Na huyu? Papa yake iko wapi?"

"Alivuka mpaka kutafuta kazi Kampala," binti yangu akajibu. "Simu yake haipatikanaki."

"Atarudi, kadogo. Usilie. Kesho utaona."

Niliuona uso wa mtoto wangu ukifunguka. Na hapo, ndugu yangu, kinyaa kiligeukia mikono yangu mwenyewe. Kwa sababu yule mzee hakuwa wa kwanza kumwambia hivyo. Tangu ndege ziache kutua hapa Goma na baba yake apite kwa miguu, kila asubuhi mtoto huyu ananiuliza, na kila asubuhi mimi, mwenye diploma yangu, nasema wiki ijayo. Nikisema wiki ijayo, anakunja nguo zake bila kugombana. Nikisema wiki ijayo, anaosha vyombo bila kulia. Hilo ndilo lilikuwa pipa langu la bluu, na nilikuwa nimelizoea.

Tulitembea mpaka kwenye rompwe, mzunguko wa barabara. Magari yalikuwa mengi, tukasimama.

"Mama, yule muzee anasema papa anarudi kesho."

"Yule muzee hajui."

"Na wewe unasema wiki ijayo."

"Nilikudanganya. Sijui kama atarudi. Nimepiga simu kila siku, nimeuliza kila mutu mwenye anatoka Kampala. Sijui. Mimi niko hapa."

Alitoa mkono wake kwenye mkono wangu. Alivuka barabara mbele yangu, peke yake, bila kungoja nimwambie.

Nyumbani nilimaliza kutwanga sombe, nikaweka maharagi motoni, maji ya kutosha, nikakaa hapohapo sikuondoka. Yaliiva bila kuungua. Alikuja kuchukua sahani yake, akala akinipa mgongo, akiangalia ukuta wa mawe. Niliujua ule mgongo. Ulikuwa wangu.

Chumba cha manjanja hakipo, Koko hayupo, na madoa yale ya mwanga kichwani sijayaona tena mahali popote. Sikumwambia Koko neno la asante nililopaswa kumwambia. Nikamwacha mtoto wangu anichukie, nikamwongezea maharagi.