Taa ya Jikoni kwa Torgny

Shemeji yangu Torgny ametandaza waya katika nusu ya nyumba zinazozunguka ziwa letu, lakini ukumbini kwake balbu ilining'inia kwenye waya mtupu tangu harusi yake mpaka alipopata wajukuu. Mganga hajigangi. Dada yangu Ann-Sofi alishachoka kumsema. Mimi sichoki, kwa hiyo nilimsema kila Krismasi.

Magoti yalipomshinda wakaamua kujenga nyumba mpya isiyo na ngazi, kiwanjani hapohapo, na Torgny akaapa kwamba humo hautaonekana waya hata mmoja. Mbao za kuta zilipokuwa bado wazi, alizunguka na penseli nyuma ya sikio akichora mahali pa kila swichi, kila soketi, na kila kidude cha darini kinachojua kama chumba kina mtu. Nyaya za umeme alizipitisha upande mmoja. Zile nyembamba, za mtandao na kengele na vipimajoto, zikapita upande mwingine, mpaka kabatini karibu na mlango, palipokaa kitu alichokiita ubongo, cha kuziamuru taa zote.

"Si uzipitishe pamoja, uokoe kazi?" nilimuuliza. Nilikuwa nimekalia ndoo ya misumari na kikombe changu cha kahawa.

"Umeme mkubwa na umeme mdogo ni kama mimi na wewe, shemeji. Ukiwalaza karibu, mdogo anapiga kelele."

"Mdogo ana sababu zake."

Ann-Sofi alicheka, kisha akauliza lililokuwa moyoni mwake. "Na dirisha la jikoni, litaangalia kwa baba?"

"Moja kwa moja. Na soketi ya taa yako hii hapa chini yake. Nimeanza kuzeeka, sijaanza kusahau."

Baba yetu, Evert, anaishi peke yake ng'ambo ya ziwa. Ni kiziwi, simu haimfai kitu. Watu wa manispaa walitaka kumpeleka kwenye nyumba ya wazee, naye akasema akihamishwa hatamaliza msimu wa baridi, na mimi nilimwamini. Ndipo yeye na Ann-Sofi walipoafikiana. Giza likiingia, kila mmoja anawasha taa dirishani jikoni kwake, na haizimwi mpaka asubuhi. Taa ya dada ikiwaka, baba anavua nguo na kulala vizuri. Ya baba ikiwaka, sisi tunalala. Ni taa hizo mbili tu zilizomwacha baba abaki kwake.

Walihamia Novemba, ziwa likianza tu kushika barafu. Nyumba ilikuwa nzuri, sina budi kusema. Unaingia chumbani, taa inawaka, unatoka, inazimika. Torgny alinitembeza mwenyewe, kifua mbele.

"Humu hakuna taa itakayomwakia mtu ambaye hayupo," alisema.

Tukaitikia kwa vichwa, mimi na dada yangu, watu tuliozaliwa na kukulia penye taa katika kila dirisha. Hakuna aliyewaza mbele zaidi. Kwetu taa ya dirishani si mambo ya umeme, ni pambo la nyumba kama pazia.

Jioni ile Ann-Sofi aliwasha taa yake, kisha tukaenda uani kuoga kwenye chumba cha mvuke, na Torgny akatufuata na kuni. Tulipotoka, tumejifunga mataulo, tulimkuta baba mlangoni. Alikuwa amezunguka ziwa kwa barabara, akisukuma kile kigari chake cha theluji kwa mguu, bila kofia, na miguuni ana ndara za ndani. Nyumba yote ilikuwa giza. Alimshika dada yangu uso kwa mikono miwili.

"Nilijua mmekufa," alisema.

Torgny aliinama kwenye sikio lake akapaza sauti. "Ni nyumba, baba. Imeona hakuna mtu, ikazima taa."

"Hakuna mtu?" Baba alimgeukia. "Mimi nilikuwa naitazama, mkwe wangu. Mimi si mtu?"

Torgny alimvua baba ndara zilizolowa, akamvisha soksi zake za sufu, akamketisha jikoni penye mkate na jibini. Kisha akaleta sanduku la zana. Umeme wa soketi ile ulitawaliwa na ubongo, na ndani ya ukuta hapakuwa na njia nyingine. Kwa hiyo akavuta waya mpya kutoka kwenye fyuzi moja kwa moja, juu ya rangi ambayo haijamaliza hata wiki, akiugongomea kwa vibanio, magoti yakimlia kila alipochuchumaa.

"Waya unaonekana, shemeji," nilimwambia. Sikuweza kujizuia.

"Uonekane."

Nilimrudisha baba kwa gari. Hakutaka kuketi. Alisimama dirishani jikoni kwake na koti lake, akaangalia ng'ambo, na taa ya Ann-Sofi ilikuwa inawaka. Akazima yake, akaiwasha tena, ndiyo salamu yao.

"Wapo," alisema, akavua koti, akaanza kufungua vifungo vya shati.

Nami nilijua kwamba nyumba ile wakati huo haikuwa na mtu. Torgny na dada yangu walikuwa uani kwenye baridi, wametoka makusudi ili kuijaribu, wakingoja taa ya baba izimike na kuwaka. Ann-Sofi aliniambia baadaye kwamba ilipowaka, Torgny alilia waziwazi.

Kabla ya Krismasi dada yangu alimuuliza mumewe kama wamwite fundi wa kuta, auchimbie waya ule ndani.

"Hapana," Torgny alisema. "Huo ni wa baba."