Nilitoa pompi ya direksio ili bibi yangu asiendeshe tena

Admin, jina yangu ulifiche kabisa, na aina ya gari usiitaje, juu ya kuwa hapa mujini Baraka gari ya namna ile iko moja tu. Mi ni mwanaume wa miaka makumi tatu na munane, fundi wa magari, niko na bibi na batoto babili. Bantu ba kartie, ba mutaa wetu, bananiitaka mwenye akili. Kila mara banaita vile, nasikia haya mpaka natamani udongo unimeze.

Ile gari ni ndogo, ya mbio. Dereva mumoja wa mashindano aliniachia kule Bujumbura juu moteri ilikuwa imekufa, nikaifufua. Bibi yangu ni mushonaji, na ni mi mwenyewe nilimufundisha kuendesha. Shida ni moja: alinipita. Siku moja tulitoka Fizi, tukashuka ile milima na kona zake zote, ye akishika volani, ule usukani, barafiki bangu babili nyuma. Kufika Baraka bakaanza kusimulia kila muntu eti mama anakata kona kuliko fundi. Kesho yake mumoja akaniuliza pale garage kama sasa ninaombaka ruhusa mbele ya kuingia ndani ya gari. Nilicheka nao. Ndani nilikuwa nachemka.

Basi vita ikanipa sababu. Wenye silaha balikuwa banachukua magari ya bantu, nikamwambia bibi eti nitaondoa pompi ya direksio, ile inafanyaka volani ikuwe nyepesi, ili mwizi ashindwe kuikunja. Nikaongeza eti hata bale ba mashindano banaitoaka, moteri isibebe muzigo wa bure. Hiyo yote ni kweli. Ila mi sikuitoa juu ya hiyo. Nilifungua mukaba, nikatoa pompi, nikaunganisha mipira ya mafuta isivuje. Pompi ilikuwa nzima kabisa. Nikaifunga ndani ya gunia, nikaenda kuificha kwa mama yangu, Lweba; bibi alizani nimeiuza. Bibi alijaribu volani mara moja, ikamushinda, akacheka, akaniambia sasa hii ni kazi ya mikono yako. Akaniachia ufunguo. Na mi nilifurahi, bandugu. Muone muntu nilivyo.

Volani isiyo na pompi, kila fundi anajua dawa yake: usiikunje gari ikiwa imesimama. Acha magurudumu yasogee hata kidogo, utaona inalegea. Ni neno moja tu. Sikumwambia, juu ningemwambia angeendesha.

Haikukawia, bavijana ba bunduki bakaninyanganya ufunguo. Bakafika kwenye kona ya kanisa, volani ikabagomea, bakaingiza gari kwenye mutaro, bakaiacha na ufunguo ndani, bakaenda zao kwa miguu. Kartie nzima ikanipongeza. Siku ya yenga, siku ya kusali, bibi yangu akasimama kanisani, akashukuru Mungu eti amemupa bwana anayeona mbali. Mi nilikuwa natazama viatu vyangu.

Kisha ikafika ile asubui. Nilikuwa nimeenda Lweba kumuona mama, alikuwa mugonjwa. Masasi yakaanza kulia upande wa milima, Baraka nzima ikakimbia. Bibi akapandisha batoto ndani ya gari, pamoja na jirani yetu mwenye mimba ya kuzaa. Ufunguo ulikuwa nyumbani, lakini gari nilikuwa nimeiacha imetazama ukuta, ilipaswa aigeuze palepale ndani ya parseli, kile kiwanja chetu. Akakunja volani gari ikiwa imesimama, kwa nguvu yake yote, mbele, nyuma, mbele, mpaka bega la kuume likatoka. Akamaliza njia yote na mukono wa kushoto. Jirani alizaa salama kule Lweba.

Alinikuta mulangoni kwa mama, mukono unaninginia, jasho linamutiririka. Nilingoja anitukane. Akaniambia, "Papa, unisamehe, nimekwaruza gari yako."

Tulilala mule ndani, na gunia la pompi lilikuwa chini ya kile kitanda bibi alilalia.

Sasa tumerudi Baraka. Bega balirudisha, lakini haliinuki. Na mashini yake ya kushona ni ile ya kuzungusha na mukono wa kuume, kwa hiyo imekaa tu, imefunikwa na kitenge. Juzi akaniambia ameamua kuiuza ili tutafute pompi, Uvira ao Bujumbura. Nikamuuliza kwa nini. Akasema, "Vita haijaisha. Siku ingine hautakuwa karibu, na mi niko na mukono moja."

Nilirudi Lweba kumuomba mama shauri. Mama anajua yote, ni ye aliyeitunza. Akasema, "We mutoto, mupelekee tu. Useme umeipata Uvira. Atakushukuru, na itaisha."

Pompi nimeileta. Iko hapa garage, chini ya matairi, na ninaweza kuifunga leo leo. Ila namujua bibi yangu. Nikisema nimeitafuta kwa ajili yake, atasimama tena kanisani na ule mukono wake moja, anishukuru mbele ya bantu bote. Sitaweza kusikia ile mara ya pili. Na nikisema kweli, naogopa atachukua batoto arudi kwao Kilembwe, na njia ya kule sasa hivi si njia ya mwanamuke na batoto.

Mwenye kununua mashini anakuja kesho asubui. Bamama na bababa munaosoma, munishauri: nimwambie kweli mbele huyo muntu hajafika, ao nifunge pompi na ninyamaze? Mukitaka kunitukana, munitukane. Ila musiniite mwenye akili.