Nimesugua TV kwa majivu, sasa mume wangu anaamini amepofuka

Admin, nifiche jina na kijiji, sema tu ni huku juu mlimani Meru, inatosha. Nyie wengine marahaba, najua mlikuwa mnakuja na shikamoo. Mimi ni bibi wa miaka sabini na kitu, mwaka wenyewe aliujua mama yangu na ameondoka nao. Shule sikukanyaga. Anayeniandikia ni mkamwana wangu, mke wa kitindamimba wangu, na nimemwambia akinipambia maneno leo hali chakula changu.

Mume wangu ana mtoto wa jicho, macho yote mawili. Simu haioni, na hizi TV nyembamba za majirani haambulii kitu. Ila sisi tuna letu, lile chogo kubwa kama kabati la nguo, mwanetu alilinunua baa moja ya Sombetini ilipofungwa. Ndani yake chini kuna taa tatu, nyekundu, ya kijani na ya bluu, zinapiga kwenye kioo kilichosimama nyuma, ndipo picha inakuja mbele. Mzee akisogeza kigoda karibu anaona mpira, anajua nani kavaa jezi gani. Hicho ndicho kipimo chake. Akiziona jezi anafurahi, tunakula. Daktari wa macho alishampa siku ya kumtoa huo mtoto wa jicho, ni Alhamisi hii. Alikubali mwenyewe, mpaka shati la kwendea alishachagua.

Sasa kosa langu. Picha ilikuwa imeingia giza kwa moshi wa jiko langu, mzee analalamika kila siku. Nikasema ngoja nimsaidie. Yuko shambani, nikafungua skrubu za mbele kwa kisu, nikatoa kioo cha mbele, nikakuta masizi ndani kama paa la jikoni. Mimi nimekua nikisafisha vioo vya taa za chemli kwa majivu yaliyochekechwa na kitambaa kibichi. Nikazisugua zile taa tatu, nikasugua na kioo cha ndani mpaka mkono ukauma. Kiling'aa, jamani!

Jioni tunawasha, ukungu. Kila mchezaji amekuwa watu watatu, mwekundu, wa kijani na wa bluu, wanakimbizana wenyewe kwa wenyewe. Mzee alisogea, akasogea tena, akafuta macho kwa shuka. Akasema taratibu, "Mama, zima. Yamekwisha."

Sikuficha. Nikamwambia hapo hapo, "Yamekwisha nini? Ni mimi nimelisugua hili dude, hata mimi sioni kitu!"

Akanishika mkono. "Wewe ulimwambia mama yako anapona mpaka jeneza likafika mlangoni. Nakujua."

Na ni kweli nilimwambia. Ningemwambiaje mama yangu? Mkamwana naye akamweleza, akajibiwa, "Umefundishwa na mkweo." Akaja mzee mwenzake, akaangalia, akasema hii TV ni mbovu. Akaambiwa, "Na wewe kakunywesha chai."

Tukaita fundi kutoka mjini. Akamulika ndani kwa simu, akakuna kichwa.

"Bibi, kioo hiki si kama cha kujitazamia. Ile rangi yake ya fedha inayong'aa iko juu, siyo nyuma. Umeikwangua."

"Kijana, nimesugua vioo kabla baba yako hajaota meno."

"Sawa bibi, lakini umeikwangua."

Akahangaika na skrubu za zile taa, akahangaika na rimoti, wale watu watatu wakarudi kuwa mmoja. Nikapiga vigelegele. Lakini ukungu haukuondoka. Tukang'oa kioo cha meza ya kujipambia ya mkamwana, tukakipachika ndani, ukungu ukaondoka ila kila kitu kikawa na pacha wake. Mzee alikuwa amekaa pale pale kwenye kigoda anatazama. "Hata mpira nauona miwili," akasema. "Msijisumbue."

Kinachoniua ni hiki. Jumapili nimetoka nje nikamkuta amefunga kamba kutoka mlangoni mpaka chooni, imepita katikati ya migomba. Anafumba macho, anaishika, anatembea. Anajifunza upofu! Mtu anaitafuta kamba kwa macho, anaiona, ndipo anafumba!

Nikamfokea, "Hiyo kamba umeionaje, we mzee?"

"Leo naiona. Kesho je?"

Msumeno wake wa kupogolea kahawa ameshampa jirani. Hospitali hataki hata kuisikia. Anasema wakatibiwe wenye macho, nafasi yake apewe mwingine. Nimelia mpaka ndizi zimeungua sufuriani, mimi ambaye msibani ndiye huwa nabembeleza wengine.

Mkamwana anasema tumdanganye kuwa tunakwenda kupima presha, akishtuka yuko mbele ya daktari. Mimi naogopa. Daktari hatamgusa bila yeye kukubali, na mzee akigundua nimemzunguka, nitakuwa nimemthibitishia kwamba kweli mimi ni mwongo. Hapo nitamwambia nini tena akaniamini?

Basi nawauliza wajukuu zangu. Kama kuna mwenye chogo la namna hii limekufa, limejaa kuku huko Olasiti au Lemara, na kioo chake cha ndani ni kizima, aseme, nitakuja kukibeba mgongoni mwenyewe. Kama hakuna, nipeni maneno ya kumwambia mzee mkaidi ambaye ukimwambia ukweli anadhani unamfariji tu. Chekeni, meno ni yenu, ila mnijibu kabla ya Alhamisi. Uso wangu umezeeka, asipouona hajapoteza kitu. Lakini mume wangu hakuumbwa apapase ukuta wakati dawa ipo. Nifanyeje na mtu huyu?