Usilimwagie Maji Jiwe Lile

Wewe cheka tu. Mume wangu alicheka, padri wetu akatabasamu, lakini niliyekuwepo ni mimi. Sikuota, sikuwa na homa, na ilikuwa mchana.

Mimi ni Mnande wa Butembo, huku Kongo, nina duka la maharagwe kule Mubi. Maharagwe nayanunua Masisi kwa Papa Bahati, Muhunde mwenye shamba kwenye mteremko mkali mpaka unashangaa mahindi yanasimamaje. Juu ya shamba lake kuna jiwe kubwa lililoinama kama paa, na chini yake picha nyekundu za watu wa kale, ndogo kama vidole. Siku hiyo ukungu ulikuwa umefunga njia, pikipiki haziwezi kupita, basi akaniambia twende nikazione.

Zimefifia sana. Wageni wakija, Papa Bahati huzimwagia maji ya bidoni, lile dumu lake, ili zionekane, na kweli, jiwe likilowa rangi inaamka. Ila niliona maji yanayotiririka chini yana wekundu. Bidoni likaisha, akateremka kijitoni kuchota mengine.

Ndipo nikamwona mama mmoja ameketi pembeni, anapangusa jiwe kwa ncha ya kitenge, taratibu, kama unavyompangusa mtoto pua.

"Mama, umuambie asimwange tena maji," akasema, akigusa picha moja ndogo. "Ule njo mutoto wangu. Kila mara banamunawisha, anapunguka."

Nikadhani ni mkimbizi aliyechanganyikiwa. Siku hizi tunao wengi, na nani wa kuwalaumu? Nikamjibu kwa upole: "Pole, mama. Wako iko na foto. Wangu hana hata moja."

Niamini, maneno hayo sikuwahi kumwambia mtu. Mwanangu Kambale alikufa kwa surua tulipokimbia vita, na picha zake ziliungua pamoja na nyumba. Uso wake ulikuwa umeanza kunitoroka. Unajua uchungu wa mama kusahau pua ya mwanawe?

Akaniuliza, "Alikuwa anasimama namna gani?"

Swali gani hilo? Lakini mwili ulijibu kabla yangu. Nikasimama kwa mguu mmoja, mwingine nikaukunja nyuma ya goti, mkono juu ya kichwa. Ndivyo Kambale alivyosimama kila nilipomgombeza. Mama mzima, mwenye duka, nimesimama kama korongo mlimani, nalia.

Akachovya kidole kwenye udongo mwekundu uliokuwa kiganjani mwake, akaligeukia jiwe. Hapo nikaona: mimi ukungu ulikuwa umenilowesha mpaka nywele, yeye alikuwa mkavu, mwenye vumbi la kiangazi miguuni. Papa Bahati akakohoa njiani, nikageuka. Nilipotazama tena hakuna mtu, na kwenye tope nyayo ni zangu na za Papa Bahati tu.

Lakini kwenye jiwe alisimama mtoto mdogo mwekundu, mguu mmoja, mkono kichwani. Nikamgusa. Rangi kavu, imezeeka kama zile nyingine.

"Papa, huyu alikuwa hapa?"

"Huyo? Hata babu yangu alimukuta. Tukiwa batoto tulikuwa tunamuigaka." Akasimama kwa mguu mmoja kunionyesha.

Nikalichukua bidoni mkononi mwake, nikamwaga maji yote kwenye maharagwe yake, kisha nikamweleza. Hakucheka. Tangu siku hiyo hapandi kule kwenye jiwe na maji.

Kila nikienda kununua maharagwe, kwanza napanda kule. Namwambia Kambale habari za dada zake, nani amefaulu, nani ameanza ukaidi. Na uso wake umenirudia, pamoja na ile pua.

Mama yule ni wa zamani gani, sijui. Najua tu kwamba mtoto wake amekaribia kuisha, na alitumia udongo wake kwa ajili ya wangu. Kwa hiyo wewe ukienda milimani na telefone yako kupiga picha, sikia. Mwanangu ana picha moja tu duniani, na iko pale. Maji yako uyanywee huko chini.