Sura ya Nne na Tairi la Akiba

Siku ya kwanza niliporipoti katika kituo kidogo cha utafiti mjini Njombe, kulikuwa na ukungu mzito kiasi kwamba nilipita mlango wa ofisi na kwenda kugonga wa jirani. Nilikuwa mwalimu wa Historia na Uraia wa sekondari, niliyekwisha kupata shahada ya uzamili katika uhusiano wa kimataifa, na sasa nilikuwa nimepewa ufadhili wa kuanza uzamivu. Usiku mzima nilikuwa nimekariri nadharia, nikiamini kwamba Mkuu wa Kituo angenipima kwa hizo. Alinikuta nikipuliza vidole.

"Mwalimu, koti umelisahau wapi?"

"Nilidhani ofisini kuna joto, Mkuu."

"Njombe hii? Haya, kaa karibu na jiko. Ukimaliza utafiti wako, utarudi kwa nani?"

Nilijibu kwamba nitarudi kwa mfadhili na ripoti kamili. Alitikisa kichwa.

"Huyo utamfikia kwa barua pepe. Nakuuliza utarudi kwa nani kwa miguu."

Kwa kuwa mimi ni mtu wa kulala na maswali, nililala nalo hilo kwa muda mrefu. Nawaandikia ninyi mnaoanza sasa kutafuta ufadhili, nikitaraji mtalijibu mapema kuliko nilivyolijibu mimi.

Kwanza niweke sawa maneno, kwa sababu wengi huyachanganya na kujikuta wanaomba kisichokuwapo. Ufadhili wa masomo humlipia mwanafunzi ada na posho ya kujikimu. Ruzuku ya utafiti ni kitu kingine: hugharamia kazi ya uwandani peke yake, yaani safari, malazi na mahojiano. Mwanafunzi wa uhusiano wa kimataifa huhitaji vyote viwili, na mara nyingi hutoka mikono tofauti yenye masharti tofauti. Kila mfadhili hudai andiko, ambalo ni maelezo ya swali unalolichunguza, mahali utakapolichunguzia na namna utakavyofanya. Andiko likipita, unaitwa kwenye usaili.

Usaili wangu, kabla sijaripoti Njombe, ulifanyika kwa mtandao, umeme ukikatika na kurudi. Mjumbe mmoja aliuliza, kwa adabu lakini bila kuficha mshangao wake, "Uhusiano wa kimataifa, Makambako? Kuna ubalozi gani huko?"

Nilimjibu, "Kuna maegesho ya malori."

Walicheka, kisha wakanipa nafasi ya kueleza. Makambako ni njia panda. Malori yanayotoka Dar es Salaam kwenda Zambia na Kongo hulala pale, na yanayorudi hulala pale. Swali langu lilikuwa hili: raia wa nchi mbili wanapokosana pembezoni mwa barabara, mbali na ubalozi na mahakama, wanapatana kwa utaratibu gani, na kwa nini wanauheshimu? Nilipata ufadhili wa miaka mitatu, wa mwisho ukitegemea tathmini ya kazi ya miwili ya mwanzo.

Kibali cha utafiti hushuka ngazi kwa ngazi, kutoka mkoani hadi wilayani hadi kwenye kata. Mtendaji wa kata alikisoma changu polepole, akakigeuza kana kwamba nyuma kuna maelezo zaidi.

"Mahusiano ya kimataifa. Basi nenda kwa Mama Atu pale maegesho. Ndiye waziri wetu wa mambo ya nje."

Mama Atu alikuwa Mkinga kutoka Matamba, mwenye banda la chai na supu lililotazamana na malori. Nilimsalimia kwa Kibena cha kwetu: "Kamwene."

"Kamwene, mama. Lakini hapa tusalimiane Kiswahili," alisema akikoroga sufuria. "Wateja wangu wa Kongo watadhani tunawateta."

Nilikaa kwenye benchi lake mpaka madereva wakaacha kuniuliza ninamngoja nani. Hiyo ndiyo mbinu inayoitwa ushuhudiaji shirikishi: mtafiti huishi na watu anaowachunguza, hula nao na kuona mambo yanavyotokea, badala ya kutegemea majibu ya dodoso. Vitabu huieleza vizuri. Havisemi kwamba baada ya miezi kadhaa unaanza kupewa vitunguu vya kumenya.

Asubuhi moja dereva wa Kikongo aliyeitwa Kabeya alikuwa akirudisha lori nyuma, akabomoa ukuta wa bafu la Mzee Mligo, aliyekuwa na nyumba jirani na maegesho. Mzee alitoka akiwa bado na mswaki mdomoni.

"Kwenu mnarudi nyuma mkitumia macho ya nani?"

"Mzee, hii ukuta jana haikuwa hapa," Kabeya alisema.

"Haikuwa hapa! Nimeoga humo tangu wewe unajifunza kutembea!"

"Sasa utaoga na hewa safi."

Watu walicheka, na hata mzee alizuia tabasamu, lakini ukuta ulikuwa chini. Kwenda polisi kungeshikilia lori, mzigo ungechelewa, na mzee angefuatilia kesi huku akiogea uani. Mama Atu aliwasikiliza wote wawili, kisha akasema maneno ambayo baadaye niliyafanya kichwa cha sura nzima: "Spea ishuke."

Vijana walilifungua tairi la akiba kutoka chini ya tela, wakalivingirisha hadi nyuma ya banda. Kabeya alikwenda zake hadi Dar es Salaam bila tairi hilo. Aliporudi alikuja na saruji na fundi, akakaa hadi ukuta uliposimama. Tairi lilirudishwa mahali pake, na Mzee Mligo akamwagizia chai.

Nilikuja kujua kwamba utaratibu huo ulikuwa wa zamani na ulifuatwa na madereva wa nchi zote waliolala pale. Dhamana ilikuwa tairi kwa sababu dereva hawezi kuendesha kwa amani bila hilo, na kwa hiyo lazima arudi. Hakuna aliyeandika mkataba. Kwa mtu aliyefundishwa kwamba mapatano ya mataifa hulindwa na nguvu au na maslahi, niliyoyaona yalikuwa dhahabu. Niliyaandika katika Sura ya Nne. Msimamizi wangu, profesa asiyependa kusifu, alinirudishia rasimu akiwa ameandika pembeni: "Hapa ndipo tasnifu inapoanza kupumua."

Tathmini ya mfadhili ilikubaliana naye. Ofisa Miradi alinipigia simu kunipongeza. Walitaka Sura ya Nne itangulie kuchapishwa katika mfululizo wao, bure kwa kila msomaji duniani, kama mkataba ulivyotaka kwa kazi zote walizozifadhili. Mwaka wangu wa tatu ungeidhinishwa mara nitakapoikabidhi.

Kabla ya kukabidhi nilipaswa kufanya mrejesho. Huo ulikuwa utaratibu wa Kituo chetu, si wa mfadhili: mtafiti huwarudia watu aliowachunguza na kuwasomea alichoandika. Hapo ndipo nilipolielewa swali la Mkuu wa Kituo. Niliisoma sura nzima kwenye benchi la Mama Atu. Mzee Mligo alipojisikia na mswaki wake alipiga makofi. Kabeya, ambaye safari yake iliangukia siku hiyo, alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa.

"Mwalimu, hii kitabu itasomwa na nani?"

"Na yeyote atakayeitaka."

"Hata patroni, mwenye lori?"

Kabeya aliinua kichwa.

"Ile tairi haiko yangu," alisema. "Iko ya patroni. Akijua nilitembea bila spea, na mzigo wake juu, siku ileile nashuka kwa gari. Na hawa wote wanashuka."

Nilimweleza kwamba majina yangebadilishwa, na kwamba hata mji ningeuita Mji A.

"Uite hata Roma," Mama Atu alisema.

"Patroni hatatafuta mji," Kabeya aliongeza. "Atahesabu tairi."

Alikuwa anasema kweli. Nilizoea kuficha watu kwa kuwabadilishia majina, lakini hapa kilichohitaji kufichwa kilikuwa tendo lenyewe, na tendo lenyewe ndilo lililokuwa ugunduzi wangu. Hakuna aliyenikataza. Mama Atu alinimiminia chai, akasema, "Mwalimu, wewe ndiye unajua shule yako inataka nini." Ningependa angenifokea.

Nilikwenda kwa Msimamizi. Hakuwa mtu mbaya, na hoja yake sijaweza kuibomoa mpaka leo.

"Ukiiondoa Sura ya Nne, ulicho nacho ni utangulizi mrefu," alisema. "Na fikiria hili: utaratibu huu wa busara haumo katika maandishi yoyote. Ukifa, umekufa. Nani atawajua watu hawa?"

"Na wakifukuzwa kazi, Profesa?"

"Huna uhakika kwamba watafukuzwa."

"Sina uhakika kwamba hawatafukuzwa."

Alivua miwani. "Basi umekwama. Mimi siwezi kukukwamua, maana jina juu ya jalada litakuwa lako."

Sitawachosha kwa kuwapitisha katika mizani yote niliyoipima. Niliwaza kuchelewesha uchapishaji, na mkataba haukuruhusu. Niliwaza kuandika tairi kuwa kitu kingine, nikaona kwamba huo ungekuwa uongo wenye tanbihi. Kila nilipodhani nimefika, niligundua nimerudi benchini, namtazama Kabeya akiwa ameinamisha kichwa. Mwishoni nilimpigia Ofisa Miradi, nikamwambia naiondoa sura.

"Una hakika, Mwalimu?" Alisikika mwenye huzuni ya kweli. "Kamati haitakuwa na namna."

"Sina hakika. Ila naiondoa."

Kamati haikuwa na namna. Mwaka wa tatu haukuidhinishwa, na hawakufanya kosa lolote; walitekeleza mkataba niliousaini nikiwa na akili timamu. Nilijaribu kuendelea kwa kujilipia, nikashindwa. Hadi nastaafu, jina langu halikutanguliwa na neno Daktari, na nilijifunza kutosahihisha waliokosea wakaniita hivyo, kwa kuwa kusahihisha kulihitaji maelezo marefu.

Mkuu wa Kituo alinichukua kama mratibu msaidizi wa ufadhili, kisha mratibu. Kazi hiyo ni ya kusimama katikati: unasoma maandiko ya wanafunzi kabla mfadhili hajayasoma, unawafanyia usaili wa mazoezi, unafuatilia vibali, na ruzuku inapochelewa wewe ndiye unayepigiwa simu. Nilipitisha wanafunzi waliochunguza mauzo ya parachichi nje ya nchi, waliochunguza misaada ya makanisa, na mmoja aliyechunguza mipaka ya ziwa ilhali haogelei. Jambo moja nililisimamia bila kuyumba: mrejesho ufanyike mwanzoni mwa mwaka wa pili, kabla neno lolote halijamfikia mfadhili, na mkataba uruhusu watu wa mahali husika kuzuia kisichapishwe kinachoweza kuwadhuru. Baadhi ya wafadhili walikubali. Wengine walitutupa.

Mkuu wa Kituo aliyemrithi yule wa kwanza aliniita ofisini. "Sasa unawafundisha wafadhili adabu?"

"Hapana, Mkuu. Nawafundisha ratiba."

Alicheka mpaka akakohoa, na utaratibu ukabaki.

Sasa nimestaafu na naishi Kichiwa, ninakolima viazi na miparachichi ambayo wajukuu wanaifahamu kuliko mimi. Mngetarajia niseme kwamba nina amani. Kwa usahihi, nina nusu yake. Wenye malori wamefunga vifaa vya kufuatilia magari yao, na matairi ya akiba siku hizi yanafungwa kwa kufuli ambalo dereva hana ufunguo wake. Ukuta ukibomolewa sasa, watu hupigiana simu na kampuni, na mambo huchukua muda wake. Utaratibu nilioulinda kwa kunyamaza umekufa hata hivyo, na umekufa bila kuandikwa, kama Msimamizi alivyotabiri. Jambo hilo lilinitikisa kuliko kupoteza shahada. Nimewaza kwamba huenda sikulinda chochote. Kisha nakumbuka kwamba Kabeya aliendesha hadi alipoamua mwenyewe kuacha, na kwamba hilo si jambo dogo. Siku nyingine nakumbuka lile la kwanza tu, la utaratibu uliokufa.

Nilipoombwa kuandika kumbukumbu hizi kwa ajili yenu, nilimtafuta Kabeya kwa simu. "Patroni alikufa, Mwalimu," alisema. "Na mimi naendesha kiti tu, mbele ya nyumba. Andika." Watoto wa marehemu Mzee Mligo waliniruhusu pia, na ukuta wa bafu bado umesimama. Kisha nilipanda basi hadi Makambako, nikakaa kwenye benchi la Mama Atu, ambaye sasa anaendesha banda akiwa ameketi, na nikamsomea yote, tangu ukungu wa Njombe hadi hapa.

Alicheka pale pa kucheka. Aliagiza niandike kwamba chai yake ilikuwa na tangawizi, nami nimeandika. Halafu akasema kwamba baada ya tairi kuvingirishwa nyuma ya banda, na kabla Kabeya hajarudi na saruji, kuna aya moja angependa niitoe.

Sikumuuliza sababu. Nimeitoa.