Kona za Kwale Nilizozigeuza

Mimi ni mwoga wa kusema, lakini juzi, hapo gereji Ukunda, vijana walipokuwa wakitaja magari wanayoyaota, nami nilijitia dereva. Bwana Omari alikuwa akitafuta mtu wa kumwendeshea pikapu yake, na kazi hiyo niliitaka sana. Basi nikaeleza mlima wa Kombani hadi Kwale. "Kona ya kwanza unakata kushoto, ya pili kulia." Nilizijua zote, maana nimeupanda mara nyingi.

Bwana Omari akanitazama kwa upole. "Mwanangu, kona zako zote zimegeuka. Kwani ulikuwa umekaa wapi?"

"Shikamoo," nikasema, ingawa nilikwisha kumwamkia. "Nyuma ya lori, juu ya magunia ya nazi, nikitazama nilikotoka."