Pua ya Madam Agnela

Mpaka siku zake za mwisho za kufundisha, Madam Agnela hakuacha kunusa mfuniko kabla hajatazama sufuria. Aliugeuza chali, akaupitisha chini ya pua huku amefumba macho, ndipo aseme chakula kimeiva au bado. Bwenini, kwenye kile chuo kidogo cha upishi cha Usa River, wanafunzi walimwigiza kwa vifuniko vya ndoo, wakacheka hadi machozi.

Mwanafunzi mmoja, Tabea, ndiye aliyegundua kwamba pua ile imekufa. Baada ya mafua makali, Madam aliinusa nyama iliyokwisha kuota utelezi akasema, "Safi." Mate ya kichefuchefu yalimjaa Tabea mdomoni. Akayameza, akaendelea na kazi. Kwa Madam, mwanafunzi hamsahihishi mwalimu. Aliyejaribu alisugua masufuria wiki nzima.

Ijumaa Madam akawapikia loshoro, kile chakula cha Kimeru. Mahindi na ndizi vilikuwa sawa, lakini maziwa mgando yalikuwa yamepita kuganda, yameoza.

"Vipi?" Madam aliuliza.

"Tamu, Madam," Tabea alijibu pamoja na wengine.

Kisha wakaenda kumwaga bakuli zao kwenye migomba nyuma ya jiko. Nzi walijaa.

"Leo tumepikiwa soksi za mlinzi," mwenzao Sakaya alisema, na Tabea akacheka. Usiku hakuweza kula. Kilichomkera hakikuwa maziwa tu, ilikuwa ile "tamu" yake.

Wiki iliyofuata wazazi walialikwa kula chuoni. Walikuja wazee kutoka mlimani Meru, na akina mama wenye watoto migongoni. Madam alifunua ndoo ya maziwa. Juu yalikuwa meupe, yameshikana vizuri. Harufu ndiyo ilikuwa ya mzoga. Akanusa mfuniko, akaridhika, akainua ndoo amimine.

"Madam, hayo yameoza," Tabea alisema.

Madam akageuka, ndoo ikiwa bado mikononi.

"Umesemaje?"

"Yameoza. Hata ya Ijumaa yalioza. Tuliyamwaga migombani."

"Na Ijumaa wewe ulisema nini?"

"Nilisema tamu."

Madam alimtazama kama mtu aliyekuta nzi kwenye chai. Akatua ndoo, akatoka kwa mlango wa nyuma. Kupitia dirishani Tabea alimwona akiinama juu ya uozo ule migombani, nzi wakimrukia usoni, akivuta pumzi, akivuta tena. Aliporudi uso wake ulikuwa wa kijivu. Akaburuta ndoo ya pili mpaka miguuni kwa Tabea.

"Nusa hii."

"Hii nzuri, Madam."

"Una uhakika? Kuna watoto pale nje."

"Nina uhakika."

"Basi mimina wewe." Sakaya akaguna. Madam hakugeuka hata kidogo. "Na wewe mwenye soksi, kamwage hiyo nyingine. Mbali, siyo migombani."

Tangu hapo Madam aliendelea kunusa mfuniko, kisha akampa Tabea, mbele ya watu wote, bila maelezo. Mara nyingine alibisha. Mara nyingi alimwaga alichokikataa Tabea.

Tabea alipomaliza chuo akapata kazi kwenye hoteli, Madam alimsindikiza hadi getini na kibuyu cha maziwa aliyoyagandisha mwenyewe.

"Asante Madam, yananukia vizuri," Tabea alisema, akikipokea kwa mikono miwili.

Madam alikinyang'anya, akang'oa kizibo, akakisogeza puani mwa Tabea.

"Nusa kwanza," alisema. "Na usinidanganye tena."